Jaji na Kamba ya Nguo

Jaji hakuwa jaji. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelikumbuka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameketi kwenye televisheni kila Alhamisi jioni, kavaa joho jeusi, akiwahukumu wezi wa kuigiza na waume wa kuigiza. Kipindi kilipokwisha, joho lilirudishwa kabatini lakini ujaji alibaki nao. Akiingia benki, mlinzi anampigia saluti. Akipanga foleni, foleni inampisha. Majirani wakigombania mpaka wa ua wanamwita, naye anakuja, anakohoa mara mbili, anatoa hukumu. Na majirani, Mungu awasamehe, wanaitii.

Katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Jaji hakumbabaisha, na huyo ni Mama Pazia.

Mama Pazia lilikuwa jina la kazini. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya pazia la kushoto la jumba la maigizo, kitabu cha mchezo mapajani na tochi ndogo mkononi, akiwanong'onezea waigizaji maneno wanapoyasahau. Kabla ya hapo na yeye alikuwa mwigizaji, tena si haba. Lakini mwanamke akifika umri fulani, waandishi wa michezo wanamsahau kama mwavuli siku ya jua. Walimwambia akae pale pembeni "kwa muda", na muda wenyewe ukaota mizizi.

Dada yake, muuguzi mstaafu ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, hakuwahi kukanyaga jumba lile hata siku moja tangu mdogo wake akae nyuma ya pazia.

"Nije kutazama nini?" alikuwa akisema. "Nikae gizani nimtazame mtu mwingine aliyekaa gizani? Siku utakayosimama mbele za watu nikauona uso wako, niite. Nitakuja hata kwa magongo."

Sasa siku hiyo ilikuwa imekaribia. Mwongozaji mpya wa jumba, binti mwenye miaka ishirini na minane na macho ya mtu ambaye hajatapeliwa bado, alikuwa amechagua mchezo kuhusu mume aliyetoka nyumbani kwenda kununua kiberiti akarudi baada ya miaka kumi na tisa. Anamkuta mke wake uani, akianika nguo. Onyesho lao lina dakika kumi na moja. Mume anajieleza, mke anasikiliza, anajibu kidogo kidogo, na mwisho anauliza swali moja tu: "Kiberiti kiko wapi?" Basi, taa zinazimika.

"Mama, nataka uwe wewe," mwongozaji alimwambia, akiwa amesimama mbele ya kile kiti cha mbao. "Nimekusikia ukiwanong'onezea. Unanong'ona vizuri kuliko wao wanavyosema."

Mama Pazia alizima tochi. Aliona haya kulia tochi ikiwaka.

Alipofika nyumbani alimwambia dada yake. Dada aliingia chumbani, akatoa viatu vyake vya kutokea, akaanza kuvipaka rangi wiki tano kabla ya siku yenyewe.

*

Kisha ikatangazwa kwamba mume ataigizwa na Jaji.

"Anarudi nyumbani," lilisema gazeti. "Baada ya kutamba kwenye televisheni, nguli wetu anarudi kwenye jukwaa lililomlea."

"Lililomlea!" Mama Pazia alimsomea fundi wa mavazi, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni ambaye alikuwa akishona kwenye chumba cha nyuma tangu enzi za mashine za kukanyaga. "Jukwaa hili lilimlea nani? Mimi na yeye tulianza siku moja. Unajua alianza na nini? Askari wa pili. Askari wa kwanza alikuwa na maneno sita. Wa pili alikuwa na mkuki."

"Na mkuki wenyewe aliuangusha," alisema fundi wa mavazi.

"Aliuangusha, mwenzangu! Ukamkuta mfalme mguuni!"

Walicheka mpaka fundi akatema pini.

Lakini sauti alikuwa nayo, hilo Mama Pazia hakumnyima. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama kabati linaloburutwa kwenye chumba cha juu. Mtu akiisikia anadhani nyuma yake kuna fikra. Watu wa televisheni waliisikia, na zaidi ya hapo, joho lilimtosha. Joho lile lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mwigizaji mwingine, wa kweli, aliyepata ajali wiki moja kabla ya kazi kuanza. Wakatafuta mwenye mabega kama yake. Huo ndio mwanzo wa umaarufu wa Jaji, vipimo vya fundi cherehani.

Na siri ya umaarufu wenyewe ilikuwa kwenye faili. Jaji hana kumbukumbu. Hakuwahi kuwa nayo. Maneno yakiingia kichwani mwake hayakai, yanapita kama wageni waliokosa nyumba. Lakini jaji wa televisheni anakaa na faili mbele yake, na ni jambo la kawaida jaji kutazama faili. Basi maneno yake yote yalikuwa humo ndani, yameandikwa kwa herufi kubwa. Anainamisha kichwa, ananyamaza kidogo kutafuta mstari, anainua macho, anatamka. Nchi nzima ikasema: tazameni anavyofikiri! Tazameni uzito wake! Wahakiki wakaandika kuhusu "ule utulivu wake kabla ya neno". Utulivu gani? Mtu alikuwa anatafuta mstari.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na Jaji hakuwa na tembo hata hapo mwanzo. Alisifiwa hata kwa maji. Alialikwa kufungua shule, kufunga mikutano, kukabidhi vikombe. Msibani alikuwa akipewa nafasi ya kusema kabla ya ndugu wa marehemu. Mkewe alipomwomba siku moja asaidie kuwakanya watoto, aliwaketisha sebuleni wakiwa wamepangwa mstari, akawasomea mashtaka. Watoto walicheka, mke hakucheka, na mwaka uliofuata alihamia kwa mama yake na watoto wote. Jaji aliwaambia waandishi wa habari kwamba sanaa inadai sadaka.

Kipindi kikafa, kama vipindi vyote. Likaja tangazo la magodoro. Kisha tangazo la dawa ya mbu, ambamo anamhukumu mbu kifo. Kisha kimya. Na kimya hicho ndicho kilichomkumbusha jukwaa "lililomlea".

*

Siku ya kwanza ya mazoezi alichelewa dakika arobaini, akaingia na miwani ya jua ndani ya ukumbi ambao taa zake nusu zilikuwa zimeungua.

"Wanangu," alisema kwa wote, pamoja na fundi wa mavazi aliyemzidi miaka mitano. "Msinyanyuke."

Hakuna aliyekuwa amenyanyuka.

Alipomwona Mama Pazia amesimama katikati ya jukwaa na beseni la nguo badala ya kukaa kwenye kiti chake, alivua miwani.

"Dada. Mbona uko huku?"

"Mimi ndiye mkeo, Mheshimiwa."

"Mke wangu?" Alimgeukia mwongozaji. "Na nani atanikumbusha?"

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha jambo. Jaji hakumpinga Mama Pazia kwa sababu hawezi, la. Hakuwahi kujiuliza kama anaweza. Alimpinga kwa sababu ukimtoa kisimani mtu anayekuchotea maji, utakufa kiu.

Mwongozaji alisema wote watajifunza maneno kwa moyo, ndiyo kawaida. Jaji alicheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa kwamba wote watakuja kwa miguu. Walijaribu wiki moja. Walijaribu kidude cha sikioni, cha kumsomea kutoka nyuma, lakini kidude kilinasa redio ya jirani iliyokuwa ikitangaza mpira, na katikati ya toba yake Jaji alisimama akasikiliza, akasema, "Kona." Walijaribu kubandika maneno sakafuni, akawa anatembea ameinama kama aliyepoteza sindano.

Ndipo yeye mwenyewe akapata wazo, na tangu hapo Mama Pazia hakupata usingizi mzuri.

"Nguo!" alisema Jaji. "Dada anaanika nguo, siyo? Basi maneno yangu yaandikwe kwenye nguo. Shati la kwanza, mstari wa kwanza. Shuka, yale maelezo marefu. Yeye ananiinulia, mimi nasoma. Nani atajua?"

"Lakini ili wewe uyaone maandishi na watu wasiyaone," alisema mwongozaji polepole, "itabidi kamba iwe huku mbele, na Mama awe..."

"Awatazame watu kwa mgongo. Ndiyo. Kwani tatizo liko wapi? Mwanamke mwenye huzuni hugeuza mgongo. Mtu haji kulipa kiingilio aone huzuni ya dada. Anakuja kuniona mimi."

Mwongozaji alimtazama Mama Pazia, na macho yake, yale ambayo hayajatapeliwa, yalikuwa yanatapeliwa wakati ule ule. Picha ya Jaji ilikuwa imeshabandikwa mlangoni, kubwa kama dirisha. Tiketi za maonyesho yote ya wiki ya kwanza zilikuwa zimekwisha.

"Mama," alisema. "Kwa sasa tu. Akishayazoea maneno, tutakugeuza."

Mama Pazia alitikisa kichwa kukubali. "Kwa sasa tu" alikuwa ameshaisikia, miaka kumi na miwili iliyopita, ikiitwa "kwa muda".

Nyumbani hakumwambia dada yake. Angemwambiaje? Viatu vilikuwa vinang'aa kando ya mlango. Tiketi ilikuwa imebanwa kwenye kioo, safu ya tatu, kiti cha katikati. Dada alikuwa ameanza hata kuwaambia majirani: "Mdogo wangu ana dakika kumi na moja. Nimemuuliza, kasema kumi na moja." Akasema pia, usiku mmoja wakila, bila kuinua macho: "Nilikutukana sana kuhusu kazi yako. Nilikuwa nataka uonekane, basi."

*

Kazi ya kuandika kwenye nguo alipewa fundi wa mavazi, naye aliifanya kwa hasira. Alikataa kabisa kalamu ya wino wa kudumu.

"Nguo hizi nimezishona mimi, na mchezo ukiisha nitazitumia," alisema. "Nikiandika, nitaandika kwa ule wino wa watoto wa shule. Unatoka kwa maji ya kwanza." Akaandika, ulimi nje, kwenye mashati matatu, mashuka mawili, suruali moja na kitambaa cha meza: *Nilipita stendi nikakuta basi linaunguruma.* Na: *Sikupanga kupanda, mke wangu, miguu ndiyo iliyopanga.* Na kwenye shuka kubwa, yale maelezo marefu ya miaka yote kumi na tisa.

Mama Pazia aliyajua maneno hayo yote kwa moyo. Aliyajua tangu wiki ya kwanza, ya kwake na ya Jaji, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akiwa amegeuzia ukumbi mgongo, akimwinulia shati baada ya shati, alikuwa akimwona Jaji akisoma, macho yakitembea kushoto kwenda kulia juu ya kifua cha shati. Hakumtazama usoni hata mara moja. Miaka thelathini na mmoja kazini, alifikiri Mama Pazia, na mtu huyu hajawahi kumtazama mtu. Ametazama karatasi tu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Na katika chumba cha mavazi kulikuwa na sheria ambayo fundi aliirithi kwa fundi aliyemtangulia: siku moja kabla ya onyesho la kwanza, kila nguo itakayopanda jukwaani inafuliwa na kupigwa pasi. Kila nguo, hata ya maiti. Jasho la mazoezi halipandi na wewe mbele za watu.

Ijumaa asubuhi Mama Pazia alimkuta fundi uani, mikono imejaa povu hadi viwiko, makoti na magauni yameshaanikwa. Kando yake lilikuwa lile beseni.

"Mwenzangu," alisema fundi bila kugeuka, "na hizi za Mheshimiwa? Sheria inasema nifue. Lakini nikifua, maandishi yote kwaheri, na sina muda wa kuandika tena, bado nina mabegi mawili ya pasi. Wewe ndiye mwenye orodha ya vifaa. Useme."

Neno moja lingetosha. *Ziache.* Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Maisha yake yote alikuwa akitoa neno lile lile linalotakiwa, dakika ile ile linapotakiwa, kuwaokoa watu wengine. Alitazama beseni. Akaona shati la juu: *Mke wangu, nisikilize.*

"Nguo chafu haianikwi," alisema Mama Pazia.

Fundi aligeuka, akamtazama. Kisha akachukua sabuni.

"Umesema wewe," alisema.

"Nimesema mimi. Akiuliza mtu, mwambie nimesema mimi."

Siku nzima iliyobaki alikuwa na muda wa kutengua. Angeweza kumwambia mwongozaji. Angeweza kununua kalamu akaandika mwenyewe. Saa nane usiku alikuwa macho, akisikia dada yake akikoroma chumba cha pili, akajiambia kwamba alilolifanya ni baya, kwamba mchezo mzima unaweza kuanguka, na kwamba binti wa watu hajamkosea kitu. Yote yalikuwa kweli. Hakuinuka.

*

Jaji hakukagua chochote. Hakuwahi kukagua. Alifika dakika kumi kabla, akapakwa poda, akapigwa picha na mkaguzi wa tiketi, na zamu yake ilipofika akaingia jukwaani kwa kupitia mlango wa nyuma wa ua wa kuigiza. Watu walipiga makofi kabla hajafanya lolote. Akasimama kuyapokea mpaka yakaisha. Kisha akageukia kamba, tayari kusoma.

Mama Pazia aliinua shati la kwanza, akalibana kwa vibanio viwili.

Lilikuwa jeupe. Lilikuwa safi kama siku lilipotoka dukani.

Jaji alilitazama kushoto kwenda kulia. Akalitazama kulia kwenda kushoto. Mama Pazia aliinua shati la pili. Jeupe. Akaona tone la jasho likitoka chini ya poda na kuacha njia.

Mstari wa Jaji, Mama Pazia alikuwa nao mdomoni. *Mke wangu, nisikilize.* Maneno matatu, yangepita katikati ya meno bila midomo kusogea, ndiyo ufundi aliokuwa nao kuliko mtu yeyote katika mji ule. Na kwa mara ya kwanza maishani aliuona uso wa Jaji ukimtazama yeye, si karatasi wala nguo, ukiomba.

Aliyameza. Kisha akaiacha kamba, akasogea mbele, akageuka. Taa zikampiga usoni. Safu ya tatu, kiti cha katikati, kulikuwa na mwanamke mzee amekaa wima kama mtu aliye kanisani.

Nyuma yake, ile sauti ya kabati ilisikika.

"Mahakama hii," alisema Jaji.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, wakapiga miluzi, mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mfunge, Mheshimiwa!" Na Jaji, lo, Jaji alichanua! Aliinua kidevu. Jasho likakauka. Alikuwa tayari kuuza mchezo mzima, mume, mke, kiberiti na miaka kumi na tisa, kwa makofi ya nusu dakika.

Mama Pazia alisubiri. Kusubiri alikujua.

"Huku si mahakamani," alisema kelele zilipopungua, na hakupandisha sauti. "Huku ni uani kwangu."

Wengine walicheka, kisha wakanyamaza.

"Mahakama," Jaji alijaribu tena, "imesikia pande zote mbili."

"Haijasikia hata mmoja. Miaka kumi na tisa hapakuwa na mtu wa kusikia. Kaa."

Jaji alikaa. Kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa, akaikalia.

"Najua utakayoniambia," alisema Mama Pazia, na sasa akayachukua maneno yake, yale yote yaliyokwenda na povu, moja baada ya jingine. "Utaniambia ulipita stendi ukakuta basi linaunguruma. Utaniambia hukupanga kupanda, miguu ndiyo iliyopanga. Miguu! Kama vile mimi sikuwa na miguu. Nilikuwa nayo, na stendi naijua, na kila siku nililisikia basi hilo likiunguruma, nikarudi ndani nikapika."

Aliyasema yote. Toba ya mume ikawa mashtaka ya mke. Maelezo marefu ya shuka kubwa aliyageuza polepole, kila mji ambao mume alipita, kila kazi aliyofanya, kila barua aliyotaka kuandika, akimtazama mara yeye, mara watu. Alisikia ukumbi ukitulia, ule utulivu ambao alikuwa ameusikiliza miaka mingi kutoka pembeni, ukienda kwa wengine. Jaji hakusema neno. Hakuwa nalo. Alikaa kwenye ndoo, mdomo wazi kidogo, akisikiliza.

"Basi sitaki maelezo," alimaliza Mama Pazia. "Nina swali moja. Kiberiti kiko wapi?"

Na hapo Jaji akatia mkono mfukoni. Mama Pazia alijua vizuri anatafuta nini. Siku za mazoezi alikuwa na tabia ya kuficha vikaratasi mifukoni, na sasa alikuwa anatafuta kikaratasi, chochote, japo risiti. Akatafuta mfuko wa kulia. Akatafuta wa kushoto. Akatafuta wa koti. Kisha akatoa mikono yote miwili, akaifungua mbele ya mkewe, mitupu.

Taa zikazimika. Ilipita muda kabla mtu wa kwanza hajapiga makofi.

*

Dada yake alimkuta kwenye korido, viatu viking'aa. Alimshika kidevu kama alivyokuwa akimshika utotoni kumkagua masikio.

"Nimeuona," alisema. "Na yule mwanamume? Ni mzima?"

"Ndivyo alivyo, dada."

"Nilidhani kiharusi. Mdomo umelegea, jasho, haongei, anajipapasa. Nilishavua kiatu kimoja nipande jukwaani!"

Mwongozaji hakucheka. Alimwita Mama Pazia pembeni, uso umempauka.

"Nani alifua zile nguo?"

"Fundi alifua. Mimi ndiye niliyesema zifuliwe. Nilijua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenikataza. Nisamehe, mwanangu. Kukukosea wewe najuta. Lile jingine, bado."

"Na mimi sikupaswa kukugeuza," alisema mwongozaji. Kisha akashusha pumzi. "Jumatatu itabidi tukae na Jaji. Ana haki ya kujua."

Lakini Jumatatu Jaji alifika wa kwanza. Alikuwa na gazeti. Alilifungua juu ya meza ya mavazi, juu ya gauni la watu, akasoma kwa sauti: "'Katika uamuzi wa kijasiri, nguli amekataa kusema. Ukimya wake ulisema yote. Na mikono ile mitupu mwishoni! Hakuna atakayeisahau.'" Akaruka mistari miwili. Mama Pazia, ambaye alizoea kusoma juu chini, aliiona: *akisaidiwa vyema na mwigizaji mwenzake.*

"Mheshimiwa," alianza mwongozaji, "kuhusu zile nguo..."

"Nguo hapana!" Jaji aliinua kiganja. "Msiniandikie tena kitu. Sitasema neno. Ule ukimya wangu tuuache kama ulivyo. Dada, wewe endelea tu kujaza jaza pale katikati."

Mama Pazia alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga usiku kucha. Aliyatazama, akaona hayana mwenyewe. Akayarudisha.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema. "Nitajaza jaza."

Fundi wa mavazi aliinama chini ya meza kutafuta pini ambayo haikuanguka.

Jioni ile, akienda zake jukwaani, Mama Pazia alipita mlango wa chumba cha Jaji ukiwa wazi nusu. Alisimama. Jaji alikuwa mbele ya kioo, kavaa koti la mchezo, akinyamaza. Alinyamaza kwa kidevu juu. Akatikisa kichwa, hakuridhika, akanyamaza tena kwa kidevu chini. Akatia mkono mfukoni kwa madaha, akautoa, akaufungua, akautazama kwenye kioo ulivyokaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja kumwona akifanya mazoezi, na alichokuwa akikifanyia mazoezi ni kutokuwa na cha kusema.

Na alikuwa akikiharibu. Siku ya Jumamosi kilikuwa kweli kwa sababu alikuwa ameogopa. Sasa kilikuwa kama faili.

Angeweza kupita. Angepita, na jukwaani lingeonekana debe tupu, na watu wangepiga makofi vile vile. Lakini mkono wake ulikuwa umeshasukuma mlango. Kazi ya miaka kumi na miwili haikutoki kwa siku moja.

"Usijitazame, Mheshimiwa," alisema.

Jaji aliruka. "Kwa nini?"

"Ukifika pale, nitazame mimi."

"Kwa nini nikutazame wewe?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayesema."

Alilifikiria hilo, na juhudi yake ilionekana hadi kwenye mabega, yale mabega ya joho. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akajiandikia kiganjani: *Mtazame.*